Arthur Ruffell Barlow na Misingi ya Kuunda Istilahi za Kigikuyu

Tunapojadili misingi ya uundaji wa istilahi, aghalabu tunaanzia kwenye Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, au kwenye BAKITA, lililoundwa mwaka 1967. Hata hivyo, maswali hayohayo yalikuwa yamekwisha kuulizwa Tumutumu, karibu na mji wa Karatina huko Nyeri. Miongoni mwa walioyashughulikia kwa muda mrefu zaidi ni Arthur Ruffell Barlow wa Misheni ya Kanisa la Skotlandi.

Barlow alifika nchini angali kijana, mwanzoni mwa karne ya 20. Alianzia kituo cha Kikuyu, ambacho wakati huo kiliongozwa na David Clement Scott, mtunzi wa kamusi kubwa ya Kimang'anja iliyochapishwa mwaka 1892. Kituo cha Tumutumu kilipoanzishwa mwaka 1908, Barlow akawa mmoja wa wamisionari wake wa mwanzo. Mwaka 1914 alichapisha kitabu cha sarufi na nahau za Kigikuyu. Ni dhahiri kwamba maarifa hayo aliyachota kwa wenyeji, ingawa jalada lilibeba jina lake pekee.

Mtihani mkubwa ulikuja katika tafsiri ya Agano Jipya, kazi ya kamati ya pamoja ya misheni za Kiprotestanti, ambamo Harry Leakey wa Kabete pia alishiriki. Dhana nyingi zilikuwa ngeni, na tukichunguza msamiati wa Kikristo wa Kigikuyu tunaona njia tatu za kuzipa majina. Njia ya kwanza ni kukopa kutoka Kiswahili na kutohoa: kanisa likawa kanitha, na kitenzi soma kikawa gũthoma, ndipo Wakristo wa kwanza wakaitwa athomi, yaani wasomaji. Njia ya pili ni kupanua maana ya neno la asili: Ngai akabaki kuwa jina la Mungu, na mũtheru, lenye maana ya safi, likabeba pia dhana ya utakatifu. Njia ya tatu ni kuunganisha hizo mbili, kama katika Roho Mũtheru, ambapo nomino ilitoka Kiswahili na kivumishi kikatoka Kigikuyu.

Neno lililozua utata mkubwa lilikuwa jina la msichana bikira. Kigikuyu kilikuwa na maneno mawili. Kĩrĩgũ alikuwa msichana ambaye hajatahiriwa, na neno hilo lilikuwa tusi. Mũirĩtu alikuwa msichana aliyekwisha kupitia jandoni kwa desturi. Wafasiri wasingeweza kumtukana Mariamu, hivyo katika Agano Jipya lililotoka mwaka 1926 akaitwa mũirĩtu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1929, misheni hiyo iliwataka washirika wake waapishwe kuikana tohara ya wanawake. Watetezi wa desturi walifungua kitabu cha misheni yenyewe wakauliza: ikiwa mama yake Yesu alikuwa mũirĩtu, tohara ina dhambi gani? Mzozo huo ulikuwa na vyanzo vingi, zikiwemo ardhi na siasa, lakini neno moja liliupa silaha. Washirika wengi walitoka, hasa Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, na shule huru za Wagikuyu zikapata nguvu.

Barlow hakuacha kazi ya lugha. Biblia nzima ya Kigikuyu ilitoka mwaka 1951. Maneno aliyoyakusanya yakawa msingi wa kamusi ya Kigikuyu na Kiingereza iliyohaririwa na T. G. Benson mwaka 1964, na kamusi yake ya Kiingereza na Kigikuyu ikachapishwa mwaka 1975.

Maisha yake yana funzo kwetu. Tumezoea kufundishwa kwamba istilahi itafutwe kwanza katika lugha yenyewe, kisha katika lugha za jirani, na ukopaji kutoka mbali uwe wa mwisho. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini mũirĩtu lilikuwa neno la asili kabisa, na ndilo lililoleta mgogoro. Pengine bikira, likitoholewa kama lilivyotoholewa kanisa, lingekuja bila mzigo wa jando. Kwa hiyo, tunapobishana kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta, haitoshi kuuliza neno limetoka wapi. Tuulize pia limebeba nini tayari vinywani mwa watu watakaolitumia.