Mchungaji Niemöller na Dola ya Hitler

Wako watu wasemao kwamba ufashisti ulikuwa adui wa Ukristo tangu siku ulipozaliwa, na kwamba makanisa ya Ujerumani yaliupinga kwa moyo mmoja. Sisi twaona yafaa watu hao wasimuliwe maisha ya Mchungaji Martin Niemöller. Huyo Hitler alimfunga karibu miaka minane, wala hakuna awezaye kumwita kibaraka wake. Lakini maisha yake hayakuanzia kifungoni.

Alizaliwa mwaka 1892 mjini Lippstadt, mwana wa mchungaji. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 alikuwa ofisa wa majini, na mwisho akapewa uongozi wa manowari ipitayo chini ya maji. Kaisari alipokimbia, Niemöller hakuipenda serikali mpya ya jamhuri hata kidogo. Akaenda Münster kusomea uchungaji. Na mwaka 1920 wafanyakazi wa Ruhr walipoinuka na silaha, mwanafunzi huyu wa dini aliongoza kikosi cha wanafunzi wenzake kwenda kuwazima. Wafanyakazi wasomao ukurasa huu watalipima jambo hilo wenyewe.

Chama cha Hitler alikipigia kura mwaka 1924, na tena mwaka 1933 alipokuwa mchungaji wa Dahlem, mtaa wa wenye mali katika Berlin. Wenzake wengi walifikiri kama yeye: waliogopa ukomunisti, walitamani heshima ya taifa irudi, na chama hicho kilikuwa kimeandika katika masharti yake ya mwaka 1920 kwamba kimesimama upande wa Ukristo. Chambo hicho kilivua wengi.

Hitler akashika serikali Januari 1933. Wakomunisti wakasukumwa makambini. Tarehe 2 Mei ofisi za vyama vya wafanyakazi zikavamiwa, viongozi wao wakakamatwa. Niemöller hakusimama kuwatetea.

Kilichomwamsha ni moto ulipofika katika nyumba yake mwenyewe. Kundi la Wakristo waliowafuata Wanazi lilitaka mtu wa ukoo wa Kiyahudi asiwe mchungaji, hata kama amebatizwa. Septemba 1933 Niemöller na wenzake wakaunda umoja wa wachungaji wa kupinga sheria hiyo, na kwa miezi michache wakajiandikisha karibu 7,000. Hoja yao ilikuwa kwamba ubatizo haujui damu, nayo ilihitaji ushujaa. Hata hivyo hatuna budi kusema kweli yote: aliyetetewa hapo alikuwa Myahudi aliyebatizwa. Myahudi wa sinagogi hakuwamo. Tena, mwaka huo huo Niemöller aliwashauri wachungaji wa asili ya Kiyahudi wasitafute vyeo vya juu kanisani.

Januari 1934 Hitler aliwaita viongozi wa makanisa. Göring akasoma mbele yao maneno aliyoyasema Niemöller asubuhi ile katika simu, kumbe polisi walikuwa wakisikiliza. Maaskofu kadhaa walitishika wakarudi nyuma, yeye hakurudi. Aliendelea kuhubiri mpaka alipokamatwa tarehe 1 Julai 1937. Mwaka 1938 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi saba, ambacho alikwisha kukitumikia, lakini badala ya kwenda kwake alichukuliwa na polisi wa siri hadi kambi ya Sachsenhausen, awe mfungwa wa Hitler mwenyewe. Mwaka 1941 akahamishiwa Dachau. Na mtu huyu, vita vilipoanza mwaka 1939, aliandika kutoka kambini akiomba arudishwe majini kuipigania Ujerumani! Alikataliwa.

Baada ya vita aligeuka kuwa mpinzani wa silaha, akawa mmoja wa marais wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni tangu 1961 hadi 1968, akafariki mwaka 1984 akiwa na miaka 92. Lakini sisi twamkumbuka zaidi kwa siku moja ya mwaka 1945, alipokwenda Dachau pamoja na mkewe Else. Penye tanuri la kuchomea maiti palikuwa na kibao kilichoonyesha miaka ya mauaji: 1933 hadi 1945. Alisimulia baadaye kwamba tangu Julai 1937 alikuwa na jibu la mahali alipokuwa, kwani alikuwa kifungoni; kwa miaka minne iliyotangulia hakuwa na jibu. Akaizunguka Ujerumani akiwaambia watu juu ya hatia yao na yake. Januari 1946, alipolihubiri jambo hilo mjini Erlangen, baadhi ya wanafunzi walimpigia kelele.