Kamanda Spicer-Simson na Jasho la Wasiotajwa

Mkazi wa Fukayosi aendaye mjini Bagamoyo hana budi kuuvuka mto Ruvu. Mto huo, unapokaribia kumwaga maji yake baharini kaskazini ya mji, huitwa Kingani. Ni jina la kwetu, walijualo wavuvi na wakulima wa mpunga. Lakini ni wachache wajuao kwamba jina hilo liliwahi kupewa manowari ndogo ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita elfu moja kutoka hapa, na kwamba manowari hiyo ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915 na boti mbili za injini zilizotoka katika karakana ya mabingwa wa boti za mashindano.

Mtu aliyeziongoza boti hizo aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Leo tunaeleza maisha yake, si kwa kutaka kumjengea sanamu, bali kwa kuwa yana funzo kwa ndugu zetu wa visiwani wanaovuka maji kila siku, na kwa maofisa wa serikali waliokabidhiwa dhamana ya vyombo vya kuvukia.

Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania. Akiwa kijana wa miaka 14 aliingia katika jeshi la majini la Uingereza. Kazi aliyoimudu zaidi ilikuwa upimaji wa mipaka na wa maji: alitumwa Borneo ya Kaskazini, kisha Uchina, na baadaye mto Gambia, Afrika ya Magharibi. Lakini sifa za kupima kina cha maji hazikumtosha. Alikuwa mtu wa majivuno, mwingi wa visa vya ushujaa ambavyo wenzake hawakuviamini, na cheo chake kilipanda polepole kuliko alivyotamani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alipewa kuongoza kikosi cha vyombo vidogo, na kimojawapo kiliitwa Niger. Tarehe 11 Novemba mwaka huo, chombo hicho kikiwa kimetia nanga karibu na pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza, kilipigwa na nyambizi ya Wajerumani kikazama. Spicer-Simson hakuwamo. Alikuwa nchi kavu. Basi akaondolewa baharini na kukalishwa ofisini, mbele ya meza na majalada.

Hapo yafaa tuziache habari zake kidogo, tueleze habari za boti alizokuja kupewa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, injini ya petroli ilipotoka katika motokaa ikatiwa ndani ya boti, matajiri wa Ulaya na Marekani walianza kushindana baharini. Mwaka 1903 lilishindaniwa kwa mara ya kwanza Kombe la Harmsworth, huko Queenstown, Ireland. Boti iliyoshinda ilikuwa na injini ya Napier, na miongoni mwa waliokuwamo ni mwanamke aliyeitwa Dorothy Levitt. Hata hivyo, jina lililochorwa juu ya kombe lilikuwa la Selwyn Edge, mwenye boti. Msomaji na alikumbuke jambo hilo, maana tutalikuta tena mbele ya safari.

Mwaka 1908 mashindano ya boti za injini yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya London, yakafanyika katika maji ya Southampton. Bahari ilichafuka sana. Katika kila shindano ni boti moja tu iliyofika mwisho. Nyingine zilishindwa njiani. Mmoja wa washindi alikuwa Thomas Thornycroft, mtu wa ukoo uliokuwa na karakana maarufu ya vyombo vyepesi vyenye kasi. Tangu hapo wenye kuelewa walitambua kwamba baharini injini peke yake haitoshi. Chombo hupimwa kwa jinsi kinavyostahimili mawimbi, na kwa uangalifu wa walio ndani yake.

Karakana hiyo ya Thornycroft ndiyo iliyounda boti mbili zilizokusudiwa kuhudumia ndege za majini za Ugiriki. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40, ganda la mbao za mkangazi, na injini mbili za petroli zenye nguvu za farasi 100 kila moja. Mwaka 1915 mwindaji mmoja aitwaye John Lee aliupelekea uongozi wa jeshi la majini mjini London shauri lililoonekana la ajabu: boti zenye mwendo zipelekwe Afrika, zipitishwe nchi kavu, zitiwe katika Ziwa Tanganyika, ili kuwanyang'anya Wajerumani mamlaka ya ziwa hilo. Shauri likakubaliwa. Akatafutwa kamanda, na kwa uhaba wa maofisa akateuliwa yule wa ofisini, Spicer-Simson. Yeye alitaka boti ziitwe Mbwa na Paka. Wakubwa wake walikataa, naye akazipa majina Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni paka na mbwa vile vile.

Msafara uliondoka Uingereza mwezi Juni 1915, ukafika Cape Town mwezi Julai. Kutoka huko boti zilipakiwa katika gari la moshi hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ilikoma, na mbele ilikuwapo njia ya kiasi cha kilomita 235 kupita katika milima ya Mitumba, mahali pengine karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Katika safari hiyo ndipo palipo kiini cha habari hii. Magari mawili makubwa ya kuvuta kwa mvuke yaliletwa, lakini yalizama katika udongo na kuvunja madaraja. Maksai walifungwa nira. Hata hivyo, waliofungua njia ni Waafrika kwa mamia: walikata miti, wakapasua mawe, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja, wakazivuta boti kwa kamba mlimani na kuzizuia zisiporomoke bondeni. Maji yalipokuwa haba, wanawake wa vijiji vya jirani waliyachota mbali na kuyabeba kichwani ili kuyanywesha magari ya mvuke. Mwishoni mwa Septemba boti zilifika kwenye reli nyingine, kisha zikateremshwa katika mto Lualaba, na mwishoni mwa Oktoba zikafika ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo leo Kalemie. Mwindaji Lee, mwenye shauri, alikuwa amekwisha kufukuzwa njiani.

Wasomaji wa Bagamoyo hawatashangazwa na habari za kubeba mizigo. Mji wao ulijengwa na miguu ya wapagazi waliokwenda Ujiji na kurudi. Na katika vita hivyo hivyo watu wa Afrika ya Mashariki kwa malaki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kambi ya wapagazi hao. Majina yao wenyewe, wengi mno, hayakuandikwa popote.

Siku tatu baada ya boti zote mbili kuwa majini, Kingani ilitokea ikipeleleza. Mzinga wake ulikuwa mbele tu, haukuweza kupiga nyuma. Mimi na Toutou, kwa wepesi wao, ziliizunguka na kuishambulia kutoka nyuma. Pambano halikudumu hata robo saa. Kamanda wa Kingani aliuawa, chombo kikatekwa, kikatengenezwa na kupewa jina la Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 ikaja zamu ya manowari ya pili, Hedwig von Wissmann. Jina hilo nalo lina kumbukumbu chungu katika pwani yetu, kwa kuwa lilikuwa la mke wa Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani kuwapiga watu wa Bagamoyo, Saadani na Pangani waliosimama pamoja na Bushiri bin Salim. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Katika pambano hilo la ziwani Mimi ilitangulia kwa mwendo wake, ikaisumbua Hedwig na kuilazimisha kugeuka mara kwa mara, hata Fifi ikaifikia na kuizamisha.

Sifa zikamfikia Spicer-Simson kutoka London. Aliyekuwa akichekwa kwa sketi aliyoivaa kambini na michoro iliyojaa mwilini mwake sasa aliitwa shujaa. Lakini mara baada ya ushindi huo ilionekana meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ikipita. Wasaidizi wake walitaka kuifuata, yeye alikataa. Kisha aliondoka kwenda kutafuta chombo kikubwa zaidi, na miezi ikapita. Mwezi Juni 1916, alipotumwa kuufunga mlango wa ziwa huko Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, alisita mbele ya mizinga ya ngome ambayo kumbe ilikuwa magogo, na askari wa Kijerumani wakatoroka usiku kwa mashua. Baadaye afya yake ilidhoofika, akarudishwa Uingereza. Alipata nishani, lakini hakupewa tena kuongoza chombo vitani.

Tusimhukumu kwa siku hizo peke yake. Mwaka 1921 ilipoundwa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, yeye alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza, akafanya kazi hiyo hadi mwaka 1937. Ni kazi isiyopigiwa ngoma: kuyafanya mataifa yakubaliane juu ya ramani za bahari na alama zake, ili nahodha wa taifa lolote aujue mwamba kabla haujamjua yeye. Tunathubutu kusema kwamba huo ulikuwa utumishi wake mkubwa zaidi kuliko dakika zile chache za kuikamata Kingani. Alifariki mwaka 1947 huko British Columbia, Kanada.

Na ile meli kubwa aliyoikwepa? Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nene, wakijua kwamba chuma kilichotunzwa chaweza kufufuka. Ikaibuliwa katika miaka ya 1920, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Kwa miongo mingi ilibeba abiria, dagaa, mahindi na mananasi kutoka bandari hadi bandari, na mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo. Boti za mwendo zilishinda mapambano mawili. Meli iliyopakwa grisi ilihudumia vizazi vinne.

Funzo lake ni wazi. Katika maji yetu mwendo wa vyombo umeongezeka, na hilo ni jambo la kheri. Safari ya Unguja na Dar es Salaam iliyokuwa ya usiku kucha kwa jahazi sasa ni ya saa chache. Lakini tusisahau usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba kwa kupakiwa kupita kiasi, wala tarehe 18 Julai 2012, Skagit ilipopinduka ikielekea Unguja. Mamia ya nyumba zilibaki na vilio. Misiba hiyo haikuletwa na ukosefu wa mwendo.

Kwa hiyo afisa anayetia sahihi cheti cha chombo na akumbuke yule fundi aliyepaka grisi. Afisa anayehesabu abiria gatini asiione kazi yake kuwa ndogo, kwa kuwa idadi anayoiandika ni roho za watu. Naye abiria asimkemee nahodha anayekataa kung'oa nanga bahari ikichafuka. Tena siku za kutoa sifa zinapofika, wasitajwe wenye vyombo na makamanda peke yao. Watajwe mabaharia, makuli wa gatini, mafundi wa chini ya sitaha, na wale wa mfano wa wanawake wa Mitumba waliobeba maji kichwani ili boti za watu wengine zipite.

Mto Kingani ungali unamwaga maji yake baharini kaskazini ya Bagamoyo. Manowari iliyopewa jina lake haipo, na aliyeiteka hayupo. Wanaovuka wangalipo, na usalama wao ndio kipimo cha kazi yetu.