HAYATI J.M. KARIUKI, MTU WA WATU

Wengi wetu tukisikia jina J.M. tunakumbuka kifo chake tu. Mimi nataka tukumbuke mkono wake.

Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa mwaka wa 1929 huko Kabatini, karibu na mji wetu wa Nakuru. Wazazi wake walikuwa maskwota. Alianza shule lakini karo ikawashinda, basi akaacha, akaenda kufanya kibarua katika shamba la mzungu. Baadaye alirudi darasani akiwa tayari mkubwa, akasoma mpaka akafika Budo, Uganda.

Mwaka wa 1953 alitiwa kizuizini, akakaa huko miaka saba. Kambini wafungwa walifundishana kusoma na kuandika. J.M. aliandika barua za siri kulalamikia mateso ya wenzake. Kwa ajili hiyo alipigwa vibaya, lakini hakunyamaza.

Uhuru ulipokuja akawa mbunge kule Nyandarua, tena tajiri. Hata hivyo hakusahau alikotoka. Alitoa pesa zake katika harambee nyingi, hata kwa watu wasio wa kabila lake. Aliuawa Machi 1975, akazikwa Gilgil.

Ndugu zangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Karo yangu ya kidato cha kwanza ilichangwa na majirani, kila mtu na kidogo chake. Hiyo ni deni. Nikimaliza shule, mtoto wa jirani akifukuzwa karo, itakuwa zamu yangu kutoa. Je, na wewe?