Burkitt: Mpasuaji Aliyeuliza Vijiwe Vyatoka Wapi

Jina la Naro Moru husemwa kuwa limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mawe meusi. Leo, msomaji mpenzi, tutazungumzia mawe ya namna nyingine, yale yanayojijenga ndani ya mwili wa binadamu katika kile kifuko kidogo cha nyongo kilichojibanza chini ya ini. Nayo tutayaendea kwa njia ya maisha ya mtu mmoja, Denis Parsons Burkitt, daktari aliyepasua wagonjwa kwa miaka 20 nchini Uganda, kisha akautumia umri wake uliosalia kuwahimiza watu wale vyakula ambavyo, kwa maoni yake, vingewaepusha na kisu cha mpasuaji.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuwachunguza ndege, akichora ramani za maeneo ambayo kila ndege alijitengea. Mtoto aliurithi mtindo huo wa kuuliza kitu kinapatikana wapi na wapi hakipatikani. Alipokuwa na umri wa miaka 11, wavulana walirushiana mawe, jiwe likaivunja miwani yake, naye akapoteza jicho moja. Aliingia chuo kikuu cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, lakini muda si muda akageukia udaktari, akahitimu mwaka 1935.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni, mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alijiunga na jeshi, akaletwa Afrika Mashariki, akahudumu Kenya na Somalia. Mwaka 1946 ndipo alipopata nafasi Uganda. Alianzia Lira, na huko akagundua kwamba mabusha yalikuwa tele upande wa mashariki wa wilaya, ilhali upande wa magharibi yalikuwa adimu. Daktari mwingine angeridhika kuyapasua tu. Yeye aliyahesabu, na mwaka 1951 akayaandikia makala.

Jambo lililolifanya jina lake lijulikane duniani lilitokea mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume aliyekuwa amevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona mtoto wa kike mwenye uvimbe kama ule ule, na tumboni mwake mna uvimbe mwingine. Alipozipekua kumbukumbu za hospitali alitambua kwamba hayo yalikuwa maradhi mamoja, saratani ya watoto ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Baada ya kuandikia hospitali nyingi za Afrika, mwaka 1961 alifunga safari kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri takriban maili 10,000 kwa majuma 10, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza swali moja katika kila hospitali: je, mmewahi kuuona ugonjwa huu? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, ilionekana kwamba karibu na ikweta ugonjwa haukupatikana katika nchi za juu kupita kiasi cha mita 1,500. Naro Moru imekaa kwenye mteremko wa Mlima Kenya, katika kimo cha mita zipatazo 2,000. Kwa hiyo mtoto wa huku alikuwa nje ya ukanda wa hatari, ilhali mtoto wa pwani au wa kando ya Ziwa Victoria alikuwa ndani. Baadaye ilibainika kwamba virusi vilivyogunduliwa London mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyotoka Kampala, vilishirikiana na malaria kuuleta ugonjwa huo. Baridi ya mlimani ilimzuia mbu, na kwa njia hiyo ikamkinga mtoto.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alishangazwa na wingi wa maradhi ambayo kwa miaka 20 alikuwa ameyaona kwa nadra mno miongoni mwa Waafrika, na mojawapo ni vijiwe vya nyongo. Wapasuaji wa Ulaya walikuwa wakivitoa siku nenda siku rudi. Mulago vilikuwa kioja. Kwa mtindo wake ule ule, alizipelekea hospitali za mashambani barani Afrika na Asia maswali kila mwezi, naye akafikia uamuzi kwamba chanzo ni chakula. Mwafrika wa wakati ule alikula nafaka isiyokobolewa, maharagwe, viazi vikuu na mboga za majani, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mzungu alikula mkate mweupe, sukari na mafuta. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha kuwahimiza watu wa kawaida wasizisahau nyuzinyuzi katika mlo wao. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993.

Katika miaka yake ya mwisho, ufundi wa kuviondoa vijiwe ulibadilika kabisa. Tangu mwaka 1882, Mjerumani Carl Langenbuch alipokitoa kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza mjini Berlin, mgonjwa alipasuliwa tumbo kwa mkato mrefu, akalala hospitalini siku nyingi. Mwaka 1985 Erich Mühe, pia wa Ujerumani, alikitoa kwa kupitia matundu madogo, na mwaka 1987 Philippe Mouret wa Ufaransa akafanya vivyo hivyo. Siku hizi tumbo hujazwa hewa ya kabonidioksidi, kamera nyembamba huingizwa kitovuni, vyombo vya kukatia hupitishwa katika matundu mengine, na aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Kijiwe kikiziba mfereji wa nyongo, na macho yakawa manjano, daktari anaweza kupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo, akaupanua mlango wa mfereji na kukivuta.

Neema hiyo haina budi kushukuriwa. Hata hivyo, Burkitt alipenda kuwafananisha madaktari na watu wanaopangusa sakafu iliyofurika maji huku bomba likiendelea kumwaga. Kupangusa kwa kitambaa bora zaidi hakuufungi mfereji.

Je, alikuwa na haki katika yote? La. Wagonjwa wengi wa enzi zake hawakufika hospitalini, na vyombo vya kupiga picha za tumbo kwa mawimbi ya sauti havikuwapo, hivyo huenda vijiwe vingine vilipita bila kuonekana. Isitoshe, leo twajua kwamba vijiwe vina sababu nyingi: urithi, umri, uzazi wa mara kwa mara, unene, hata kukonda kwa ghafla. Mwenye ugonjwa wa selimundu hupata vijiwe vyeusi kwa sababu chembe zake nyekundu za damu huvunjika upesi, hata akila vizuri namna gani. Nyuzinyuzi ni sehemu ya jibu, si jibu zima.

Lakini swali lake lingali hai, na hasa katika miji yetu ya Mlima Kenya. Githeri, njahi, nduma na terere vilikuwa chakula cha kila siku katika nyumba za Nyeri. Siku hizi mwanafunzi akitoka shuleni hukimbilia chipsi, mandazi na soda, na kile kilichomlea babu yake hukiona chakula cha kimaskini. Iwapo tunafuata mlo wa wale aliowaona Burkitt wakiugua, tusistaajabu tukifuata na maradhi yao.

Kwa walimu, maisha haya yana funzo jingine. Utafiti uliombadilisha Burkitt kutoka mpasuaji wa kawaida hadi mtaalamu wa dunia ulifanywa kwa barua, ramani, gari kuukuu na jicho moja. Mwanafunzi wa Naro Moru anaweza kuanza vivi hivi: aandike wanachokula watu wa kijiji chake kwa juma zima, aulize wazee walikula nini, alinganishe, achore jedwali. Huenda asigundue ugonjwa mpya, lakini atakuwa amejifunza kuuliza kabla ya kukata, na usipoziba ufa utajenga ukuta.