Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja na Amri ya Chembe Hai

Miongoni mwa waganga waliopata kuvaa sare ya jeshi katika Afrika ya Mashariki, Denis Burkitt anastahili kujulikana na kila askari. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jiwe lilimpiga usoni, akapoteza jicho la kulia. Alisomea udaktari Dublin, akahitimu mwaka 1935. Utumishi wa makoloni ulimkataa kwa ajili ya jicho hilo, lakini mwaka 1941 jeshi la Uingereza lilimpokea katika kikosi chake cha tiba. Akatumika Kenya na Somalia, na baada ya vita akaenda Uganda: kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mvulana aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alitupa macho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akapekua madaftari ya hospitali, akatambua kuwa wengi wa watoto hao walikuwa na uvimbe tumboni pia. Yale yaliyodhaniwa kuwa maradhi mbalimbali yalikuwa saratani moja. Ni haki kusema kwamba Albert Cook wa Mengo alikwisha kuandika habari za uvimbe kama huo miaka mingi kabla. Aliyeuliza unapatikana wapi, na wapi haupatikani, alikuwa Burkitt.

Hapo sisi askari tunamtambua mwenzetu, kwani alilifuata swali hilo kwa ramani. Alipeleka barua zenye picha katika hospitali za bara zima, na mwezi Oktoba 1961 akaondoka Kampala kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili. Kwa majuma kumi walikwenda maili 10,000, hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Ikadhihirika kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, na karibu na Ikweta hukoma kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Nyanda za juu, pamoja na milima yetu ya Rwanda, zilikuwa karibu salama. Gisenyi yetu, ufukoni mwa Kivu, iko mita 1,460 hivi, karibu kabisa na mpaka huo.

Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Uganda, Anthony Epstein na wenzake walitangaza mwaka 1964 kwamba wameona virusi. Leo yajulikana kuwa virusi hivyo hukaa katika miili ya watu wazima karibu wote duniani. Malaria ya mara kwa mara ndiyo humfungulia mlango adui huyu kwa mtoto.

Na ndani ya chembe hai hutokea nini? Mwili hukua, na kidonda hupona, kwa amri. Ujumbe hufika kwenye utando wa chembe, hupokezwa ngazi kwa ngazi hadi kiini, na hapo jeni iitwayo MYC huhimiza chembe igawanyike. Kazi ikiisha, amri hufutwa. Katika ugonjwa wa Burkitt kipande cha kromosomu ya 8 hukatika, mara nyingi kikaungana na kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili ambayo katika chembe za ulinzi haipumziki. MYC hupata kamanda mpya asiyejua kusitisha mapigano. Siri hiyo ilifumbuliwa kati ya mwaka 1976 na 1982. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alitumia MYC hiyo hiyo pamoja na jeni nyingine tatu kuzirudisha chembe za panya zilizokwisha komaa katika hali kama ya mimba changa.

Burkitt mwenyewe hakuwa mtu wa darubini. Alikuwa na kisu, na kisu kilishindwa: kilimharibu mtoto sura, na uvimbe ukarudi. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Akageukia dawa, nyingine kwa kipimo kidogo tu, na watoto waliokuwa wakingojewa kufa wakaanza kurejea makwao kwa miguu yao. Yeye alifariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993.