Taha Hussein, Mwanafunzi Asiyeona

Kabla hujajua kusoma, barua yako ilisomwa na nani? Labda ni mtoto wako, labda ni jirani. Ulingoja mpaka apate nafasi. Akiruka maneno, hukuweza kujua. Kumbuka hali hiyo unaposoma habari za Taha Hussein wa Misri. Yeye alisomewa vitabu maisha yake yote, na hata hivyo alifika chuo kikuu.

Taha alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji karibu na mji wa Maghagha. Baba yake alikuwa na watoto 13. Taha alipokuwa na umri wa miaka kama mitatu, aliugua macho. Mwanzoni ugonjwa haukutiliwa maanani. Kisha akaitwa kinyozi, maana siku hizo kijijini kinyozi ndiye aliyetibu watu. Baada ya matibabu yake mtoto hakuona tena.

Alipelekwa chuoni kujifunza Kurani. Huko alisikiliza na kukariri kama wenzake, na akaihifadhi Kurani yote angali mtoto mdogo.

Mwaka 1902 alikwenda Cairo kusoma Azhar pamoja na kaka yake. Siku ya mtihani wa kuingia, mtahini hakumwita kwa jina lake. Alimwita kipofu. Taha alifaulu, lakini neno lile lilimkaa moyoni miaka mingi.

Masomo ya Azhar yalikuwa ya mdomo. Mwalimu aliketi penye nguzo ya msikiti, wanafunzi wakamzunguka. Kwa hiyo darasani Taha hakupungukiwa na kitu. Shida yake ilianza darasa lilipokwisha. Hakuweza kutembea mjini bila kushikwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa kaka yake. Kaka naye alikuwa na masomo na rafiki zake. Jioni alimwacha Taha chumbani peke yake na kuzima taa, maana asiyeona ana haja gani na taa? Lakini mtoto alilihisi lile giza, akakaa akisikiliza wadudu wakitembea ukutani. Hebu fikiri, kijana mwenye akili kali kiasi kile, na saa zake zote zinapangwa na nafasi ya mtu mwingine! Baadaye mtoto wa dada ya mama yake alikuja kusoma Cairo wakakaa pamoja, na hapo Taha akapata mwenzi wa kusoma naye na kutoka naye.

Mwaka 1908 kilifunguliwa chuo kikuu kipya mjini Cairo. Taha akajiunga nacho. Azhar alikosana na baadhi ya mashehe, akaondoka bila shahada yao. Kisha akaomba chuo kikuu kimpeleke Ufaransa. Alikataliwa. Waliona hana cheti cha sekondari, tena haoni. Aliomba tena, huku akijifunza Kifaransa. Mwaka 1914 alikuwa mtu wa kwanza kupewa shahada ya udaktari na chuo hicho. Aliandika juu ya Abu al-Ala al-Maarri, mshairi wa zamani wa Syria ambaye naye hakuona. Mwisho wa mwaka huo alipanda meli kwenda Ufaransa.

Katika mji wa Montpellier alijaribu maandishi ya nukta, yale yanayosomwa kwa vidole. Hakuyazoea, kwa kuwa tangu utoto alipata elimu kwa masikio, na vitabu alivyovihitaji havikuwamo katika maandishi hayo. Alihitaji mtu wa kumsomea. Ndipo alipokutana na msichana aitwaye Suzanne Bresseau. Suzanne alimsomea vitabu vya Kifaransa, saa baada ya saa, huko na baadaye Paris. Walioana mwaka 1917. Taha akamaliza udaktari wa pili katika chuo cha Sorbonne, juu ya mwanahistoria Ibn Khaldun.

Mimi naona watu humsifu Taha kwa akili yake tu na kusahau ile mikono na yale macho ya wengine. Kama kaka yake angekataa, au kama asingekutana na Suzanne, akili ingefanya nini? Msaada wake ulitokana na undugu na mapenzi. Wanafunzi wangapi wasioona walikosa bahati hiyo, wakarudi nyumbani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka serikali zihakikishe kwamba mwanafunzi wa namna hii anapata msaada anaouhitaji hata katika elimu ya juu. Taha alisoma bila mkataba wowote.

Alirudi Misri mwaka 1919 akawa mwalimu wa chuo kikuu. Vitabu vyake vingine vilizua ugomvi mkubwa. Mwaka 1932 alifukuzwa kazi, baadaye akarudishwa. Kitabu chake juu ya utoto wake, Al-Ayyam, yaani Siku, kilitoka mwaka 1929.

Mwaka 1950 alifanywa Waziri wa Elimu. Alifuta ada katika shule za sekondari na za ufundi, ili watoto wa maskini wasome.

Alifariki mwezi wa Oktoba 1973. Vitabu vyake vyote alivisema kwa mdomo, na mtu aliyeketi karibu naye akaandika.