Mwaminifu Katika Kazi Isiyoonekana

Caroline Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, tarehe 16 Machi 1750. Akiwa na miaka 10 aliugua homa ya tifasi iliyodumaza kimo chake. Hata utu uzimani hakufikia mita moja na nusu. Watu wa nyumbani waliona kwamba hataolewa, na mama yake akakusudia abaki kuwa mtumishi wa nyumba.

Mwaka 1772 kaka yake William, mwanamuziki wa Bath, Uingereza, alimchukua akaishi naye. Caroline akajifunza kuimba. Lakini William alivutwa na nyota, akaanza kujitengenezea darubini. Alipokuwa aking'arisha vioo asiweze kuondoa mikono, dada yake alimlisha tonge kwa tonge. Mwaka 1781 William aligundua sayari ya Uranus. Mfalme akampa mshahara, naye Caroline akaacha uimbaji ili awe msaidizi wake.

Usiku, katika baridi kali, kaka alitazama na kutaja alichoona, dada aliandika. Mchana alipiga mahesabu. Mwishoni mwa Desemba 1783 aliteleza kwenye theluji gizani, ndoano ya chuma ikamchoma juu ya goti. Alipopona, alirudi kazini.

Tarehe 1 Agosti 1786, William akiwa safarini, Caroline alitazama mwenyewe, akagundua nyota yenye mkia. Kufikia 1797 alikuwa amegundua nane. Mwaka 1787 mfalme alimwekea pauni 50 kwa mwaka, akawa mwanamke anayelipwa kwa kazi ya sayansi, jambo geni siku zile.

William alifariki mwaka 1822, na Caroline akarudi Hanover. Huko, akiwa amepita miaka 70, alipanga upya orodha ya mawingu na makundi ya nyota yapatayo 2,500 ambayo kaka yake aliyaona, ili John, mwana wa William, aweze kuyatafuta tena. Kwa kazi hiyo alipewa nishani ya dhahabu mwaka 1828. Baadaye John alikwenda Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, akachunguza anga la kusini. Caroline alifariki tarehe 9 Januari 1848, akiwa na miaka 97.

Tafakari: Ni nani katika familia au kanisa lako anayefanya kazi inayowawezesha wengine kuonekana? Utamtia moyo jinsi gani juma hili?